Kuagwa kwa Hamaoka Tetsuharu

Mimi sikuolewa peke yangu. Niliolewa uke wenza na mkono wa kulia wa Hamaoka Tetsuharu, mrushaji wa timu ya besiboli ya Makorongo wa Matsuyama, na miaka yote ya ndoa yetu mke mwenzangu ndiye aliyependwa. Mkono ule ulikuwa na mto wake wa kulalia. Ulivalishwa sufu hata mwezi wa nane, wakati sisi wengine tunatokwa jasho mpaka kwenye kope. Haukubeba mfuko wa mchele, haukufungua chupa, haukumshika mtoto. Binti yetu Chinatsu alipozaliwa, baba yake alimpokea kwa mkono wa kushoto kama anayepokea kifurushi cha posta, akamtazama, akanirudishia. Tukisafiri, mimi nilibeba masanduku, yeye alibeba mkono wake.

"Mama Chinatsu," alikuwa akiniambia nikinung'unika, "huu ndio unaotulisha."

Na kweli ulitulisha, sitasema uongo. Aliletwa mjini kutoka sekondari moja ya milimani huko Kochi, shingo nyembamba, masikio makubwa, akirusha mpira ambao wapigaji walikuwa wakilalamika kwamba wanausikia tu, hawauoni. Mwaka Makorongo walipotwaa ubingwa, yeye ndiye aliyekuwa kwenye tuta la mrushaji mpira wa mwisho ulipodakwa. Picha yake ikabandikwa kwenye mabasi yote ya mji na kwenye makopo ya juisi ya machungwa. Hapo ndipo alipoharibika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alianza kuzungumza na waandishi wa habari huku akitazama mbali, eti anawaza. Kiwiko kikapasuliwa, akarudi. Bega likauma, akarudi. Kasi ya mpira ikapungua, akasema ni mbinu mpya. Miaka ya mwisho alikuwa timu ya pili, kwenye uwanja ulio kando ya mashamba ya vitunguu, akirusha mbele ya wazee wastaafu waliokuja na chakula chao kwenye vikasha. Na bado kila asubuhi aliuamkia ule mkono kabla ya kuniamkia mimi.

Kilichonifanya nivumilie ni ahadi. Baba yangu ana karakana ndogo huko Uwajima. Anasaga samaki wadogo pamoja na mifupa yao, anawakanda, anawakaanga. Jakoten zake zinaagizwa mpaka Osaka. Mgongo umemwisha. Alisema waziwazi kwamba mkwe wake akiacha mpira na kuja, karakana ni yetu, na mwaka ukiisha hajaja, anamwuzia jirani yake, mzee Ninomiya. Mimi nimekulia kwenye moshi wa karakana ile. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, Hamaoka mwenyewe akiwemo. Naye aliapa kwamba siku akiagwa uwanjani, kesho yake tunafungasha.

Mwezi wa tisa wakubwa wa klabu walimwita, wakamnywesha chai, wakamzungusha kwa maneno matamu, na mwisho wakamwambia wamemwandalia mechi ya kuagwa. Kwa lugha ya mtaani wangesema, ondoka. Alikubali. Alikaa mbele ya kamera, akalia vizuri tu, akasema hana majuto. Siku hiyo hiyo nilikwenda dukani kuomba maboksi matupu.

Sasa, mechi ya kuagwa ina adabu yake, na adabu hiyo wanaijua hata wasichana wanaouza bia jukwaani. Mrushaji anayestaafu anapandishwa kwenye tuta amkabili mpigaji mmoja tu wa timu pinzani. Mpigaji huyo hapigi. Anapunga gongo hewani mara tatu kwa nguvu zake zote, anainama, anaondoka, watu wanalia, maua yanaletwa. Mechi yenyewe ni ya kweli, na kukosa kule kunaingia kwenye rekodi ya mpigaji kama kukosa kwingine kokote, lakini halalamiki mtu. Ni heshima. Haitangazwi wala haiulizwi.

Hamaoka aliijua vizuri sana adabu hiyo. Alikuwa akiwaona wenzake wakiagwa, ananinong'oneza, "Maskini wa Mungu, wamempungia." Kwamba siku moja na yeye angepungiwa, hilo halikumpitia kichwani hata kwa bahati mbaya. Nyani haoni kundule.

Siku ya mechi, mwezi wa kumi, jua lilikuwa zuri na uwanja ulijaa. Wake wa wachezaji hukaa pamoja, na kwa ukubwa wa mume wangu katika timu mimi nilikaa katikati. Kushoto kwangu alikuwa Kanako, mke wa Tokunaga, yule mdakaji anayepokea mipira ya Hamaoka. Mume wangu alipotoka kuelekea kwenye tuta akitembea polepole, kidevu juu, niliwaambia, "Akianguka kifudifudi, semeni anawainamia mashabiki."

Walicheka. Kanako alijifuta machozi kwa leso. "Dada Sumie, utatuua leo."

Mpigaji waliyemleta ni Kusunoki Daigo wa Ngiri wa Okayama, mwanamume wa miguu minene, si nyota wala si mbovu, aliyekuwa akiingizwa na kutolewa mwaka mzima. Alivua kofia yake ngumu, akainama, akaivaa tena, akasimama mahali pake. Mpira wa kwanza ulipita juu ya kichwa. Kusunoki akapunga. Wa pili ulikwenda upande kiasi kwamba Tokunaga alilazimika kujirusha ili audake. Kusunoki akapunga. Wa tatu, jamani, ulidunda kwenye mavumbi kabla haujafika. Kusunoki alipunga gongo kama anafukuza nyuki, akazunguka, akapiga goti chini. Mwamuzi akainua mkono. Uwanja mzima ukasimama. Nami nililia pia, lakini machozi yangu yalikuwa ya Uwajima.

Walimpa maua, wakampa kipaza sauti. Alivua kofia, akavuta pumzi.

"Ndugu mashabiki," alisema, "nilikuja hapa leo kuwaaga. Lakini wote mmeona. Mpigaji wa ligi kuu amekosa mipira yangu mitatu mfululizo. Siwezi kuusaliti mkono huu. Sistaafu."

Kwanza watu walicheka. Kisha kicheko kikapungua kipande kwa kipande, jukwaa hili, jukwaa lile, mpaka tukasikia bendera zikipigwa na upepo. Kocha mkuu alikuwa amekumbatia shada kubwa la maua, asijue alipeleke wapi.

"Dada," Kanako alininong'oneza, "anatania, eti?"

"Hamaoka hajawahi kutania tangu azaliwe," nilimjibu, na hapo hakucheka mtu.

Nyumbani alikaa sakafuni, barafu begani, anameremeta kama bwana harusi. Maboksi yangu yalikuwa yamepangwa ukutani. Nilijikaza.

"Baba Chinatsu, ule mpira wa tatu uligusa mavumbi."

"Ndiyo maana hakuuweza. Ulizama mwishoni. Hata mimi sikujua kwamba bado ninao mpira wa namna ile."

"Na ule wa kwanza ulikuwa juu."

"Nilimvuta macho. Ukimvuta macho juu, chini haoni. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi, Mama Chinatsu." Akageuza shingo kunitazama. "Ulizama, au haukuzama?"

"Ulizama," nilisema. Ungemwona alivyokaa pale, nawe ungesema hivyo hivyo.

Baba alipiga simu kabla sijamaliza kuosha vyombo. "Mwanangu, nimeangalia televisheni. Anastaafu au hastaafu?"

"Baba, nipe muda kidogo."

"Mimi muda ninao. Mgongo ndio hauna."

Klabu walikasirika kama watu waliomwagiwa supu kwenye nguo za harusi. Wiki haikuisha wakamfukuza, safari hii bila maua na bila chai. Mtu mwingine angeelewa. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Hamaoka alijiandikisha kwenye majaribio ya mwezi wa kumi na moja, yale ya wachezaji waliotemwa, ambapo makocha wa klabu zote hukaa kwenye viti, mikono wameikunja kifuani, wanatazama nani bado ana uhai. Mwaka huo yalifanyika Himeji. Niliendesha gari mimi, kwa sababu ule mkono hauendeshi.

Hakuna mahali pa kusikitisha kama pale. Kila mmoja amevaa jezi ya klabu iliyomtupa, maana ndiyo desturi, na kila mmoja anacheka kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Nilikaa jukwaani peke yangu na chupa ya chai ya moto. Mtu akapanda ngazi kuja nilipo, akavua kofia, akainama. Alikuwa Kusunoki, ndani ya jezi ya Ngiri.

"Dada, samahani kwa usumbufu."

"Kusunoki. Na wewe wamekutema?"

"Siku mbili baada ya ile mechi."

"Mpigaji mzima kama wewe? Kwa kosa gani?"

Alijikuna shingo. "Walisema watanipima kwa mechi zangu za mwisho. Sasa, zilikuwa zimebaki chache, dada. Zamu niliyoingia kwa kaka Hamaoka ndiyo ikawa ya mwisho."

Alisema bila kulaumu, na afadhali angelaumu. Kwa hiyo zamu ya mwisho ya mtu huyu katika ligi kuu ilikuwa kupunga hewa na kupiga goti mavumbini, ili mume wangu apewe maua ambayo hakuyapokea. Yeye hakuna aliyempa hata jani. Nilimkasirikia Hamaoka, nikawakasirikia Ngiri, nikaikasirikia na ile adabu yetu.

"Kocha wako ndiye aliyekwambia upunge?"

"Hakuniambia mtu. Hilo ni la kuambiwa, dada?"

"Mkeo anasemaje?"

"Ana mimba kubwa. Anadhani nimekwenda kuvua samaki." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Dada, wamebandika ratiba. Nimepangwa na kaka. Nimpigeje? Yaani, nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Yeye nitamwulizaje?"

Nilitazama chini uwanjani. Hamaoka alikuwa akijinyoosha kando ya mstari, kidevu juu, amewapa mgongo vijana wote kana kwamba wamekuja kumwangalia yeye. Alikuwa ameuweka mkono wake kwenye koti la pili, pamoja na lile alilovaa.

"Piga," nilisema. "Piga mpaka waende kuuokota Uwajima."

Aliinama mpaka nikaona utosi wake, akashuka.

Hamaoka alipomwona Kusunoki anakuja na gongo, alitabasamu. Nililiona vizuri lile tabasamu la paka anayerudi kwenye shimo la panya aliyemkamata jana. Kusunoki akavua kofia, akainama kama siku ile, kwa kina kile kile. Mume wangu akajibu kwa kuinamisha kichwa kidogo, kwa ukarimu mkubwa. Kisha akajikunja, akainua mguu, akarusha, na nakiri kwamba kwa macho tu bado alipendeza.

Ulikuwa mpira mzuri, haukwenda juu wala upande wala mavumbini. Ulikuja katikati kabisa, taratibu, na Kusunoki akaupiga. Sauti ile hata asiyejua mchezo huu angeielewa. Mpira ulivuka uzio, ukavuka miti iliyo nyuma ya uzio, ukatuacha tunaangalia miti. Makocha waliokuwa wamekunja mikono waliikunjua. Hamaoka hakugeuka kuutazama. Alinyoosha mkono wa glavu kuomba mpira mwingine, akabaki ameunyoosha hivyo, na Tokunaga hakuwepo pale wa kumtupia haraka ili kumsitiri.

Kusunoki alikimbia mzunguko wake ameinamisha kichwa, hakushangilia hata kwa kidole.

Wapigaji wengine wawili waliofuata nao walimpiga, ingawa si mbali hivyo. Kisha spika ikaita jina la mrushaji mwingine.

Tulirudi mchana ule ule. Hamaoka alikaa kiti cha kando, mkono juu ya mto wake, akitazama malori. Tulikuwa tumeshapita Okayama alipofungua mdomo.

"Upepo ulikuwa unavuma kwenda nje."

Nikaendesha.

"Na mipira yenyewe ilikuwa mikavu, vidole vinateleza. Nilimwambia yule mwamuzi, hakunisikia." Akakohoa. "Nikienda Okinawa majira haya ya baridi nikajinoa, mwakani kuna timu za Taiwan. Wanawaheshimu sana warushaji wazoefu kule. Unaonaje, Mama Chinatsu? Mkono bado upo, au vipi?"

Asubuhi ile baba alikuwa ameniambia kwamba mzee Ninomiya alishakuja na utepe wake, anapima pa kuweka mashine zake mpya.

"Haupo," nilisema.

"Nini haupo?"

"Mkono. Haupo. Haukuwepo mwezi wa kumi, haukuwepo mwaka juzi. Kusunoki alikupungia, Baba Chinatsu. Uwanja mzima ulijua. Wauza bia walijua. Mpira ulikwishatua chini ndipo akaupungia, mtu gani anapiga mpira uliokwishatua? Ile ilikuwa zamu yake ya mwisho, akaitupa kwa ajili yako, wakamfukuza kazi. Leo akaja kuniuliza afanyeje. Nikamwambia apige."

"Wewe?"

"Mimi."

Tukaingia kwenye daraja refu la kuvuka kwenda kwetu Shikoku. Bahari chini, visiwa, meli za mizigo. Hamaoka alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani analia, nikamtupia jicho. Hakuwa analia. Alikuwa ameutoa mkono wake kwenye mto, ameuweka mapajani, anautazama.

"Kwa hiyo mlinihurumia," alisema.

"Tulikuheshimu."

"Na wewe, siku ile nyumbani? Uliposema ulizama?"

"Nilikuona umefurahi."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali bei.

"Basi na mimi nikwambie lako," alisema. Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililonitisha. "Wale wake wa wenzangu. Kila ukifungua mdomo, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Ulidhani unachekesha?"

"Hamaoka."

"Kanako alimwomba mumewe amtafutie kiti nyuma, mbali na wewe. Anaumwa taya kwa kujichekesha, alisema. Tokunaga alikuja kuniuliza mimi kwa aibu, kama inawezekana. Nikamwambia amwombe mkewe avumilie, nitakapostaafu yataisha. Mke wangu anafurahi, nilimwambia. Mwacheni afurahi."

Mimi nina jibu la kila kitu. Waulize watu wa Matsuyama. Pale juu ya bahari nilishika usukani, nikaendesha.

Tulihamia Uwajima kabla ya mwaka kwisha. Mzee Ninomiya alikunja utepe wake akaenda zake. Kusunoki amechukuliwa na klabu moja ya kaskazini, na mkewe amejifungua salama. Hamaoka anabeba makreti ya samaki kwa mkono wa kulia, ananuka mafuta kama sisi wote, na baba anasema ni mzito wa kujifunza lakini si mvivu. Wateja wanakuja kumtazama. Wanaomba kumshika mkono, naye anautoa, unanata samaki, na hakuna anayejali. Usiku anajilalia juu yake na kukoroma.

Mimi nilimpigia simu Kanako nimwalike aje ale jakoten zikiwa bado za moto. Ana shughuli, alisema, mtoto ana mafua. Wiki iliyofuata nikapiga tena, na mtoto alikuwa bado ana mafua. Kabla hajakata nikamtolea kisa cha Hamaoka na ndoo ya utumbo wa samaki, jinsi alivyoteleza mbele ya wateja na ndoo ikamvaa kichwani kama kofia ya timu. Nilikisimulia vizuri, na sauti niliibadilisha panapostahili.

Kanako alisubiri nimalize.

"Pole sana, dada," alisema.